Uzito wa Tusi Jepesi: Tafakuri Kuhusu Neno 'Bloody'

Kamusi za Kiingereza aghalabu huliweka neno 'bloody' miongoni mwa matusi mepesi. Makala haya yanakusudia kuuhoji wepesi huo: je, ni sifa ya neno lenyewe, au hutegemea uhusiano baina ya anayelitamka na anayetamkiwa?

Kimsingi, neno hili limetokana na damu. Hata hivyo, katika matumizi yake ya kutilia mkazo, ambayo yameshuhudiwa tangu karne ya 17, dhana ya damu imefifia. Dai kwamba ni ufupisho wa kiapo cha kumtaja Bikira Maria limeenea, ila wachunguzi wa asili ya maneno hawaliafiki. Yamkini, basi, makali yake tuyatafute kwingine.

Tamthilia ya Pygmalion ya George Bernard Shaw inatupa mfano mwafaka. Ilipoigizwa London mwaka 1914, mhusika Eliza, muuza maua aliyefunzwa lafudhi ya mabwanyenye, alilitamka neno hilo mbele ya watu wa heshima, na ukumbi ukaangua kicheko. Ilhali mitaani mwa mji uo huo lilikuwa neno la kila siku. Kilichoshtua ni kuvukwa kwa mpaka wa kitabaka. Aidha, tamthilia hiyo ilipogeuzwa kuwa My Fair Lady mwaka 1956, mshtuko kama huo ulihitaji neno jingine.

Neno hilo lilifika pia Kenya ya kikoloni, katika ndimi za walowezi. Huku liliambatana na neno la kumwita mtu mpumbavu, nasi tukalipokea kama 'bladifuli'. Mtumishi aliyeitwa hivyo hakuwa na ruhusa ya kujibu. Neno ni lile lile, bali mizani imebadilika.

Kwa mintarafu hii, mtafsiri anayeandika 'ya damu' huhifadhi maana ya msingi na kuliua tusi. Akichagua 'mshenzi', huenda akazidisha ukali wa sebule ya London na bado asiufikie ule wa shamba la mlowezi.

Tunahitimisha kwamba kuliita tusi 'jepesi' ni kutoa hukumu ya kimaadili, wala hukumu hiyo haipaswi kuachiwa msemaji peke yake. Kabla ya kufungua kamusi, mhakiki hana budi kuuliza: aliyetukanwa alikuwa na uwezo wa kujibu?