Kimya cha Nabii Yusuf na Watoto wa Vita



Nyote mwakijua kisa cha Nabii Yusuf (A.S.): mtoto aliyetupwa kisimani na nduguze, akauzwa, akakulia ugenini Misri. Hata alipokuwa mtu mzima mwenye cheo, nduguze waliposimama mbele yake na kumsingizia wizi, neno lile alilificha moyoni wala hakuwaonyesha. Basi tuzingatie: miaka haikulifuta jeraha la utotoni, na kunyamaza si kupoa.

Mwaka 1991, serikali ya Somalia ilipoanguka, wenzetu wa Barawa, ambao Chimiini chao ni ndugu wa Kiswahili chetu, waliporwa na kuuawa. Wengi walikimbilia Mombasa kwa vyombo vya baharini, na baadhi yao baadaye wakahamishiwa Uingereza na Marekani. Watoto waliobebwa mikononi siku zile leo ni baba na mama wa watu. Tuliwaona wakicheza, tukasema: mtoto husahau.

La, hasahau. Watabibu waliowafuatia vijana wa Cambodia waliohamia Marekani baada ya mauaji ya 1975 hadi 1979 waliwakuta wengi wakisoma na kufanya kazi vyema. Lakini kwa baadhi yao jinamizi na khofu zilikuwa zingalipo hata baada ya miaka 12.

Kwa hivyo yatupasa kuacha mambo mawili. La kwanza, kumwambia mwenye kuumia kwamba imani yake ni dhaifu. Nabii Yaakub (A.S.) alimhuzunikia mwanawe hata macho yakawa meupe, ni nani atakayethubutu kusema imani yake ilikuwa haba? La pili, kumkimbiza mtoto kwa wapunga pepo na wauza hirizi kwa kuwa halali usiku, au hushtuka mlango ukigongwa. Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kutafuta dawa, na daktari wa maradhi ya akili ni katika dawa hizo, pamoja na dua.

Mtoto huyo ahitaji mlezi asiyebadilishwa kila mara, chuo na shule visivyokatika, na mtu wa kumsikiliza bila ya kumlazimisha kusema wala kumnyamazisha. Kambi za Dadaab, zilizoanza mwaka 1991, zingali na watoto wa vita hata leo. Tusingoje wavuke bahari ndipo tuwaulize khabari za nyoyo zao.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenye kuwahurumia. Amin.