Kijiti, Kichupa na Ahadi

Wasomaji wetu wengi wamekwisha kusikia habari za saratani ya mlango wa kizazi, na nyumba nyingi zimekwisha kuomboleza kwa ajili yake. Kwa makadirio ya mwaka 2022, wanawake 660,000 hivi duniani waliugua ugonjwa huu, na 350,000 hivi walikufa. Katika kila mia moja waliokufa, 94 waliishi katika nchi zenye kipato cha chini au cha kati. Hapa Tanzania waliougua walizidi 10,000, na waliokufa walizidi 6,000.

Tena huu si ugonjwa wa ghafula. Huletwa na kirusi kiitwacho papiloma, ambacho mara nyingi mwili hukifukuza wenyewe katika mwaka mmoja au miwili. Kikikaa, huchukua miaka 15 hata 20 kabla ya kuzaa saratani, ingawa kwa mwanamke mwenye VVU asiyetumia dawa yaweza kuwa miaka 5 hata 10 tu. Ndiyo kusema kwamba mama wa watoto sita hufa kwa kitu ambacho kilingoja miaka mingi mtu akitazame na kukiondoa.

Mbona hakikutazamwa? Kipimo kilichozoeleka chamtaka mama apande juu ya kitanda cha zahanati, afungue miguu mbele ya mganga ambaye pengine ni kijana wa umri wa mwanawe, na aingizwe chombo. Wako wasemao kwamba akina mama wanaokataa ni wajinga. Sisi hatusemi hivyo. Staha tuliwafundisha sisi wenyewe, nyumbani na kanisani, tangu wakiwa wasichana; haifai leo tuwakaripie kwa kuwa walijifunza vema. Na hata mama aliyeishinda haya yake, bado ana nauli ya kutafuta, foleni ya kungoja, na siku ya kulima iliyopotea.

Kwa hiyo twalipokea kwa furaha wazo la kutengeneza kifurushi ambacho mama aweza kukitumia nyumbani kwake. Ndani yake mna kijiti chenye pamba au brashi laini, kichupa, na maelezo. Mama hukiingiza kijiti ukeni mwenyewe, hukizungusha kidogo, hukitia kichupani, basi. Maabara hutafuta vinasaba vya kirusi. Imekwisha kuthibitishwa kwamba kwa vipimo vizuri vya vinasaba, kijiti alichokichukua mwanamke mwenyewe hugundua sawasawa na kile alichokichukua mganga, na Shirika la Afya Duniani lakubali njia hiyo. Wala mtu asidhani kwamba ni kipimo cha daraja la pili kwa ajili ya maskini. Uholanzi waliwapa wanawake wao mwaka 2017, Australia iliwaruhusu wote wa umri wa kupimwa mwaka 2022, na Marekani ilikubali kifaa cha kwanza cha kutumiwa nyumbani mwezi wa Mei 2025.

Lakini kifurushi cha Uholanzi hakiwezi kuletwa kwetu kama kilivyo. Kule tarishi hufika mlangoni. Kwetu barua huishia katika sanduku la posta mjini, ambalo mara nyingi ni la shule, la parokia au la mwajiri. Hapana budi kifurushi kipelekwe na mhudumu wa afya wa kijiji, na ingefaa awe mwanamke anayeaminika. Maelezo yawe kwa picha. Kijiti kiwe cha namna ile isafirishwayo kavu, bila barafu. Na kabla ya hayo yote, wanaokitengeneza wakae chini na akina mama na kuwauliza: katika nyumba ya chumba kimoja, yenye watoto watano na mama mkwe, utajichukulia kipimo wapi? Twashuku kwamba vifaa vingi huchorwa kwa ajili ya mwanamke mwenye mlango wenye kitasa.

Kisha kuna swali la jibu. Jibu ni la nani? Simu ya nyumbani pengine ni moja, nayo i mfukoni mwa mume. Ujumbe ukija kwamba mkewe ana kirusi, naye amesikia kwamba kirusi hicho huenezwa kwa kujamiiana, twajua jinsi usiku ule utakavyokuwa. Hatufichi ukweli kwamba ndivyo kinavyoenezwa. Lakini chaweza kukaa kimya kwa miaka, hata tangu kabla ya ndoa, na mwanamume huweza kukibeba pasipo dalili yoyote. Kwa hiyo jibu hilo si ushahidi wa uzinzi, wala wa mke wala wa mume. Tena si hukumu ya saratani. Lasema tu kwamba mama atazamwe zaidi.

Msomaji mmoja atatuambia kwamba mke na mume ni mwili mmoja, hivyo hakuna siri kati yao. Twakubali kwamba ni vizuri mke amwambie mumewe. Lakini kuambiwa na mke ni jambo moja, na kupekua habari zake kabla yeye mwenyewe hajazifahamu ni jambo lingine kabisa. Jibu na limfikie mama kwanza, kwa njia aliyoichagua siku alipopokea kijiti.

Tumelibakiza lililo zito. Mwaka 2016, huko Migori nchini Kenya, wanawake wa jumuiya 12 walialikwa kujichukulia kipimo wenyewe, baadhi katika mikutano ya afya karibu na makwao, wengine katika vituo vya afya. Katika mikutano walijitokeza wengi zaidi. Lakini kati ya waliopatikana na kirusi, kwa njia zote mbili, hata nusu hawakufikia tiba. Walijua, wakabaki na kujua kwao.

Sisi tuliopita seminari kuu tulifundishwa kupima kwa makini ni lini ahadi humfunga mtu. Twaona kwamba ampaye mama kijiti amekwisha kuahidi, hata kama hakutamka neno. Wako wanaosema kwamba basi afadhali kungoja mpaka hospitali zote ziwe tayari. Hao wanasahau kwamba kirusi hakingoji. Lakini wale wanaohesabu vifurushi vilivyogawanywa na kuandika taarifa nzuri, nao hatuwasifu. Afadhali wilaya moja yenye njia nzima kuliko mikoa mitano yenye vijiti vitupu.

Na njia nzima si ndoto. Mashine za GeneXpert zinazopima kifua kikuu huweza kupima kirusi hiki kwa muda wa saa moja hivi. Sehemu iliyoanza kuharibika huchomwa kwa joto, kwa kifaa cha mkono kinachotumia betri, katika muda mfupi sana. Hapo ni lazima mama atazamwe na mganga. Haya haitaepukika, ila itawapata wachache wenye haja, wala si wote. Aliyekwisha kupata saratani yenyewe ana safari ndefu zaidi, ya kwenda Ocean Road jijini Dar es Salaam au Bugando kule Mwanza. Na mama anayetokwa damu baada ya tendo la ndoa, au baada ya kukoma hedhi, asingoje kifurushi chochote. Aende hospitali wiki hii.

Wasichana wetu wana chanjo, iliyoanza kutolewa nchini kote mwaka 2018. Mama zao hawakuipata. Siku wahudumu watakapofika kijijini na vifurushi, kila mama na aulize kabla ya kupokea: nikipatikana na kirusi, nitatibiwa wapi, siku gani, na nauli itatoka kwa nani? Akikosa jibu, aulize tena mbele ya mwenyekiti wa kijiji, na mumewe awe amesimama karibu naye.