Haki Katika Vita vya Mezani

Mwaka 1913 mwandishi wa Kiingereza, H. G. Wells, alitoa kitabu kidogo kiitwacho Little Wars, kilichoeleza namna ya kupigana vita sakafuni kwa askari wa sanamu. Tangu hapo mchezo huo umepanda mezani. Wachezaji hupanga majeshi ya sanamu ndogo, hupima mwendo wake kwa futi, na hurusha dadu kuamua mapigano. Katika michezo mingi ya namna hii, mmojawapo ukiwa Warhammer uliotolewa Uingereza mwaka 1983, kila kikosi kina thamani yake kwa pointi, na majeshi mawili hupewa jumla moja ili asiwepo wa kuonewa.

Walakini usawa wa hesabu si usawa wa nguvu. Katika michezo ya vita vya kale, ukuta wa mikuki huwazuia wapanda farasi. Mishale huwapunguza wenye mikuki kwa mbali. Na wapanda farasi huwafikia wapiga mishale wakawatawanya. Hakuna jeshi lililo bora mbele ya majeshi yote. Kwa hiyo ushindi huweza kuanza kabla dadu ya kwanza haijarushwa, katika saa ya kuchagua.

Hapa swali huzuka. Mchezaji ajuaye kuwa mwenzake analeta wapanda farasi watupu, naye akajaza mikuki katika jeshi lake, je, ametumia akili au hila?

Wako wasemao kuwa jemadari asiyepeleleza ni mpumbavu. Neno hili ni kweli vitani, lakini mezani halitoshi. Adui wa vitani hukujia kwa uadui. Mwenzi wa mchezo hukujia kwa hiari, na bila yeye huna mchezo. Wako pia wasemao kuwa kuchagua jeshi kwa kumlenga mwenzio ni kosa daima. Hao nao wamepita kiasi, kwani kukaa katika kiti cha mwenzio na kuona kwa jicho lake ndiyo elimu kubwa ya mchezo huu.

Basi kosa haliko katika kujua, bali katika kujua peke yako kwa siri. Wawili wakionyeshana orodha za majeshi yao, au wote wawili wakificha, atakayechagua vema amestahili sifa. Mmoja akichungulia, ushindi wake ni ganda lisilo na kiini. Kipimo ni chepesi: je, waweza kumwambia mwenzio, kabla ya kucheza, jinsi ulivyochagua?

Yamkini mwenye kufuata kipimo hiki atashindwa mara nyingi na asiyekifuata. Na avumilie, maana asiyekubali kushindwa si mshindani. Mitihani, biashara na uchaguzi vina meza zake pia, na huko wanaoumia si sanamu.