Sauti na Roho Katika Ibada za Lubumbashi

Mwumini wa Kasungami, mtaa wa pembeni mwa Lubumbashi katika komini Annexe, akisema kwamba Mungu alishuka wakati wa nyimbo, jirani mwenye shaka hujibu kwamba kilichoshuka ni jasho. Chini ya utani huo pana swali la kale: anayeguswa na wimbo hadi machozi, ameguswa na nini? Wapo wanaosema ni Roho, na wapo wanaosema ni mwili uliochezewa na mapigo na kelele. Pande zote mbili huchukulia kwamba jibu moja likikubalika, la pili limekufa, na hapo ndipo zinapokosea.

Kazi ya sauti mwilini inajulikana vizuri. Anayeimba hapumui apendavyo. Mstari wa wimbo ndio unaompangia pumzi, avute kwa ufupi na kutoa kwa urefu. Moyo nao huenda mbio kidogo pumzi inapoingia na hupoa inapotoka. Mwaka 2001 Luciano Bernardi na wenzake walichapisha katika jarida la BMJ utafiti juu ya watu 23 waliosali rozari kwa Kilatini au kukariri mantra ya yoga. Katika sala zote mbili pumzi ilishuka hadi karibu mara sita kwa dakika, kiwango ambapo mwili hurekebisha msukumo wa damu kwa wepesi zaidi. Mwaka 2013 Björn Vickhoff na wenzake wa Gothenburg, Sweden, walionyesha kwamba waimbaji wa kwaya wanaopumua pamoja hufikia mahali mioyo yao ikapanda na kushuka kwa pamoja. Wazee wanaokutana katika shirika, jumuiya ndogo ya waumini wa mtaa, wakapokezana Salamu Maria jioni, hawahitaji kuambiwa kwamba wanaondoka wametulia. Hospitalini pia muziki una nafasi yake: mwaka 2015 jarida la Lancet lilitoa uchambuzi wa majaribio 73, na kwa jumla wagonjwa waliosikilizishwa muziki kabla, wakati au baada ya upasuaji walipungukiwa na maumivu na wasiwasi.

Lakini utulivu si utambuzi wa kiroho. Wimbo wa mapenzi kwenye baa hutuliza pia, na hakuna anayetoka baa akisema amekutana na Muumba wake. Kati ya mwili uliotulia na nafsi iliyoamka pana pengo, na wasomi wamelibishania hasa kupitia ngoma. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Mmarekani Andrew Neher alidai kwamba mapigo ya ngoma huyavuta mawimbi ya umeme ya ubongo yafuate mwendo wake, na kwamba huenda hiyo ndiyo asili ya kupagawa. Mfaransa Gilbert Rouget, katika kitabu chake cha mwaka 1980 kuhusu muziki na hali ya kupagawa, alimpinga kwa hoja rahisi: ngoma hupigwa kila mahali, ila wanaopandwa na pepo ni wachache, tena kwa wakati maalumu. Lubumbashi yenyewe inamuunga mkono. Karindula, lile banjo kubwa lenye pipa la mafuta lililowambwa ngozi ya mbuzi, hupigwa kwa nguvu na kwa muda mrefu. Watu hucheza, huruka, hucheka, na hakuna anayengojea pepo.

Wazee wa Kiluba walilijua jambo hilo kabla ya maabara. Bilumbu, yaani waaguzi waliokuwa na nafasi kubwa katika ufalme wa Waluba, hawakupandwa na pepo waitwao vidye kwa sababu ya kishindo cha ngoma peke yake. Ziliimbwa nyimbo za mapacha, kwa kuwa mapacha kwa Waluba ni watoto wenye uhusiano wa pekee na mizimu. Na aliyekulia kati ya nyimbo hizo alijua zinamwita nani. Kaskazini mwa Malawi, katika ngoma ya tiba iitwayo vimbuza, ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2008, kila aina ya pepo ina mapigo yake. Wapigaji hubadilisha mapigo, na mgonjwa huitikia yale ya pepo wake. Kama nguvu ya sauti ndiyo ingetosha, kazi hiyo ya kutafuta isingekuwa na maana. Sauti huuandaa mwili. Kinachousukuma upande huu au ule ni mafundisho, kumbukumbu na matarajio ya jamii.

Historia ya Kanisa katika Katanga inaonyesha kwamba maana hiyo inaweza kuhamishwa. Wamisionari wengi wa mwanzo waliiogopa ngoma kwa sababu walijua ilikuwa ikimwita nani. Joseph Kiwele, aliyezaliwa mwaka 1912 na baadaye kuwa waziri wa elimu wa Katanga iliyojitenga, alitunga misa iliyopewa jina la Katanga, yenye mahadhi ya nyumbani. Katika mji wa Kamina, Padri Guido Haazen aliwakusanya watoto na walimu wa shule katika kundi la Les Troubadours du Roi Baudouin, na mwaka 1958 Missa Luba ikarekodiwa. Sanctus ya misa hiyo imejengwa juu ya wimbo wa Kiluba wa kuagana. Si jambo dogo: neno Mtakatifu likawekwa juu ya sauti ambayo msikilizaji aliizoea machozi yakimlenga, mtu wake akienda safari. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Katiba ya Liturujia, ulitaka muziki wa mataifa yaliyofikiwa na misioni upewe heshima na nafasi katika ibada. Na mwaka 1988 Roma iliidhinisha misale ya majimbo ya Zaire, ambamo Utukufu huchezwa kuzunguka altare. Ngoma ni ileile, anayeitwa ni mwingine.

Hapo linabaki swali gumu la makanisa ya uamsho. Mpiga kinanda mzoefu anajua saa ya kutoka kwenye nyimbo za kusifu, zenye mwendo wa kasi, na kuingia zile za kuabudu, na anajua machozi yatakuja lini. Je, kinachotabirika namna hiyo kinaweza kuwa cha Mungu? Kutabirika si kosa. Bukari, yaani ugali, nayo hushibisha kwa njia inayoelezeka tumboni, wala hakuna aliyeacha kumshukuru Mungu mezani kwa sababu hiyo. Ila kama mwili huitikia sauti hata pasipo Mungu, basi machozi peke yake hayathibitishi kitu. Augustino, katika kitabu cha kumi cha Maungamo, aliyakumbuka machozi aliyolia kwa nyimbo za kanisa, akajilaumu kila sauti ilipomgusa kuliko maneno yaliyoimbwa. Hata hivyo hakutaka nyimbo ziondolewe. Al-Ghazali, ambaye maandishi yake yanajulikana kwa masufi wa Afrika Mashariki, alifundisha kwamba muziki hauingizi moyoni kisichokuwamo, bali huchochea kilichomo. Kwa hiyo huenda sauti moja ikamfaa huyu na kumharibu yule. Mtume Paulo alikuwa mkali zaidi: katika sura ya 14 ya barua ya kwanza kwa Wakorintho alitaka wimbo uimbwe kwa roho na kwa akili pia, na zumari itoe sauti zinazotofautika, la sivyo nani atajua kinachopigwa?

Kwa kigezo hicho, ukubwa wa sauti hauongezi chochote. Spika zinazoelekezwa barabarani usiku wa mkesha huifikisha sauti mbali, na si lazima ziifikishe ndani. Mwili nao una mpaka. Kipimo kinachotumiwa na wengi kwa usalama wa kazini ni desibeli 85 kwa saa nane. Kila desibeli tatu zikiongezeka, muda salama hukatwa nusu, hivi kwamba kwenye desibeli 100 huwa umebaki karibu robo saa tu. Vinyweleo vya ndani ya sikio vinavyopokea sauti vikifa havioti tena, na madhara huanzia kwenye sauti nyembamba. Huko ndiko ziliko konsonanti kama s na f, zinazotenganisha neno na neno. Mwumini aliyeketi miaka mingi mbele ya spika huishia kusikia kwamba mhubiri anasema, bila kushika anachosema.