Debe la Mahindi Mabovu

Mahindi yakishakauka kwenye turubai, bibi yangu hukaa uwanjani na ungo na kuchambua. Punje nzima huziweka kulia. Zilizopasuka, zilizosinyaa, zenye vumbi la kijani, huzitupia kwenye debe lililo kushoto kwake. Tangu utoto wangu huku Iramba nilijua debe lile linakwenda wapi: nusu kwa kuku, nusu kwa mama wa jirani anayepika pombe. Hakuna kinachomwagwa. Niliona ni busara ya watu wanaoijua njaa.

Sasa nasoma shahada ya uzamili ya baiokemia, na debe lile nimeanza kuliogopa.

Vumbi la kijani huweza kuwa ni kuvu inayotoa aflatoksini, sumukuvu ambayo moto wa ugali hauimalizi. Ila kilichoninyima usingizi si kuvu, ni ini. Aflatoksini ikimezwa bado haijafikia ukali wake. Ini ndilo linaloikamilisha. Ndani ya seli zake kuna vimeng'enya vya ukoo wa saitokromu P450. Hupokea elektroni, huivunja oksijeni tunayovuta, na kupachika atomu yake moja kwenye kitu kigeni ili kiyeyuke majini na kutoka mwilini. Ni kazi ya usafi. Dawa nyingi tunazomeza husafishwa hivyohivyo. Lakini aflatoksini ikipachikwa oksijeni hugeuka kitu kinachong'ang'ania DNA ya seli ileile iliyokuwa ikiisafisha, na saratani ya ini huweza kuanzia hapo, hasa kwa mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B. Yupo mlinzi mwingine, kimeng'enya kinachoifunga sumu hiyo kwa glutathioni kabla haijadhuru. Vipanya vya nyumbani vina kimeng'enya hicho chenye nguvu kuliko chetu. Yaani mwizi wa ghala analindwa kuliko mwenye ghala!

Ini linadhuru huku likisafisha, wala hakuna wa kulilaumu, kwa sababu halijui. Miaka yote bibi naye alikuwa hivyo: alisafisha chakula chetu, akapeleka uchafu mbele. Je, mimi ninayejua?

Mwaka 2016 watu waliugua na kufa kwa sumu hii Dodoma na Manyara, mikoa tunayopakana nayo: wagonjwa 68, vifo 20. Mashariki mwa Kenya, mwaka 2004, waliougua walikuwa 317 na waliokufa 125. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa kwenye mahindi ni mikrogramu 10 kwa kilo, na Machi 2021 Kenya iliyazuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumu hii. Vipimo ni vizuri. Lakini mahindi yaliyokataliwa hayayeyuki. Hushuka bei na kumtafuta mtu ambaye hakuna anayempimia.

Likizo iliyopita nilimweleza bibi yote haya, pamoja na kwamba kuku akila sumu, kiasi fulani huweza kubaki kwenye maini na mayai yake. Kwetu, maini ya kuku hupewa mtoto. Alinisikiliza bila kuacha kupepeta.

"Mke mwenzangu," akasema, "debe hili ndilo lililokupeleka chuo. Kuku waliokula hapa walipandishwa basi kwenye matenga mpaka Dar es Salaam, wakarudi wakiwa ada yako. Mbona hukuuliza walikula nini?"

Sikuwa na jibu, na sina hadi leo. Kumwambia mtu maskini "mwaga" ni rahisi kwa anayerudi chuo Jumatatu. Naona anayejua anadaiwa zaidi ya maneno: kama ujuzi wangu unampunguzia bibi debe, basi bei ya debe ni yangu. Vinginevyo nimefanya kama alivyofanya yeye, nimejisafisha na kusogeza uchafu mbele, safari hii kwenye dhamiri yake.

Nikampa bei ya debe. Alizihesabu noti, akazifunga kwenye pindo la khanga, akauliza: "Na la mwakani?"

Jioni tulichimba shimo nyuma ya zizi. Nilipoliinua debe nikashangaa wepesi wake, lilikuwa nusu. Bibi akaniambia mama wa pombe alishachukua fungu lake asubuhi, nikiwa bado nimelala.

Tulifukia tukanyamaza. Upande wa pili wa ua wa minyaa kinu kilikuwa kinatwanga. Mikono yangu ilikuwa na udongo, na mfukoni nilibakiwa na nauli tu.