Mafuta Yalikuwa Jikoni

Upande wa Nangwa, chini ya Mlima Hanang, mfugaji mmoja alikuwa na ng'ombe wa maziwa, chotara, anayelishwa bandani. Nyuma ya banda alipanda kipande cha lusini, kwa kuwa aliambiwa inaongeza maziwa. Ni kweli, inaongeza. Siku ya mnada wa Katesh aliamka alfajiri, akavaa koti, na akiwa ameshapanda bodaboda akamwagiza mwanawe: "Lusini uikate, uiache inyauke kwanza, ndiyo umpe. Tena kidogo."

"Sawa, baba."

Kazi za asubuhi za mtoto wa mfugaji zinajulikana: kuzoa samadi, kuteka maji, kumfunga ndama mama akamue, halafu kukimbilia shule. Kijana akautazama mundu, akaona njia fupi. Akamfungua ng'ombe, akamfunga kwenye kigingi katikati ya lusini ajilie mwenyewe, kisha akaenda zake. Majani yalikuwa yamelowa umande, na ng'ombe alikuwa na njaa ya usiku kucha.

Mama aliporudi kisimani alimkuta ubavu wa kushoto umevimba, umepita usawa wa uti wa mgongo. Ng'ombe anajipiga teke tumboni, shingo ameinyoosha, mate yanamtoka. Akapiga yowe.

Majirani hawakukawia, na kila mmoja alikuja na dawa yake. Mmoja akasema magadi, mwingine mafuta ya taa. Wakamshika pua, wakamwinua kichwa juu na kummiminia maji ya magadi. Sehemu ikaingia mapafuni, akaanza kukohoa. Mzee mmoja, mwenye nia njema kabisa, akasema gesi itolewe kwa kisu. Akachoma ubavu wa kulia, kwenye utumbo. Afisa mifugo alipigiwa simu, lakini alipofika ng'ombe alikuwa ameshaanguka na kukata roho.

Alipompasua, tumbo kubwa lilikuwa limejaa povu kama la sabuni ya kufulia. Lusini changa ndivyo inavyofanya. Gesi ambayo ng'ombe huitoa kwa kubeua kutwa nzima hunaswa ndani ya povu, haina pa kutokea. Tumbo hufura hadi kuyabana mapafu, mnyama anakosa pumzi. Inaweza kuchukua muda mfupi tu.

Afisa akauliza kama nyumbani palikuwa na mafuta ya kula. Mama akaingia jikoni, akatoka na dumu la alizeti, zao linalolimwa sana Hanang. Karibu nusu lita, ikinyweshwa polepole kupitia pembeni mwa mdomo bila kuinua kichwa sana, huvunja lile povu. Kisha ng'ombe asimamishwe mahali pa mwinuko, miguu ya mbele ikiwa juu, na kijiti kifungwe mdomoni kama lijamu ili atafune na kubeua. Kutoboa ni hatua ya mwisho kabisa, na ni ubavu wa kushoto, kwa mkono wa anayejua.

(Ukikuta mzoga umevimba na damu inatoka puani, usiupasue wala usile nyama yake. Huenda ni kimeta. Mwite afisa mifugo.)

Baba aliporudi jioni, kijana alichapwa. Mimi naona fimbo ile ilikosea njia. Mtoto alipewa amri akanyimwa sababu. Kwake kunyausha majani kulikuwa usumbufu tu wa wazee. Angejua kwamba lusini mbichi yenye umande inaweza kuua kabla ya adhuhuri, nadhani angekubali kuchelewa shule. Na baba mwenyewe, aliyeyajua hayo, hakumwambia hata mkewe kwamba dawa ya kwanza anaipikia mboga kila siku.

Basi wewe mwenye ng'ombe bandani, usingoje mnada ujao. Jioni hii, baada ya kukamua, waite wa nyumbani wote, watoto kwa wakubwa, uwaonyeshe ubavu wa kushoto unavyokuwa ng'ombe akiwa mzima, na chupa ya mafuta ilipo.