Nembo ya Mpiga Chapa na Dhamana ya Salamu

Swali la nani anayewajibikia neno lililochapishwa lilizuka mapema katika historia ya upigaji chapa. Muswada ulioandikwa kwa mkono ulikuwa na mwandiko wa mtu. Kitabu kilichopigwa chapa kilifanana na vingine mamia, na mkono uliokitengeneza haukuonekana. Nembo ya mpiga chapa ilikuja kuziba pengo hilo. Aldus Manutius wa Venice alipoanza kutumia picha ya pomboo aliyejizonga kwenye nanga mnamo 1502, alikuwa akimwambia msomaji kwamba, kosa likipatikana humu, mwenye kuulizwa yupo na karakana yake inajulikana. Nembo ilikuwa dhamana kabla ya kuwa pambo.

Siku hizi nembo hizo huonekana kwenye kadi za salamu: pomboo wa Aldus, bikari ya Christophe Plantin wa Antwerp, mti wa jamaa ya Elzevir. Kadi hufunguliwa, na ndani aghalabu mna maneno ya heri yaliyotungwa na mtu asiyetajwa kwa ajili ya yeyote atakayelipa. Je, pana kosa lolote la kimaadili katika jambo hili, au ni suala la ladha tu?

Jibu jepesi ni kudai kwamba nembo imeibwa. Hoja hiyo haisimami. Aldus mwenyewe aliiazima: pomboo na nanga vilikuwamo katika sarafu ya Kirumi aliyopewa na Pietro Bembo. La kuangaliwa, basi, ni kile ambacho mwazimaji anakiweka nyuma ya alama aliyoiazima. Aldus aliweka miaka ya kuhariri na kusahihisha maandishi ya Kigiriki. Wako ambao hawakuweka kitu. Mnamo 1518, miaka mitatu baada ya Aldus kufariki, mkwewe Andrea Torresani aliwatahadharisha wasomaji, katika dibaji ya toleo la Livius, kwamba huko Florence kulikuwa na wapiga chapa walioiga nembo ile, ila pomboo wao ameelekeza mdomo kushoto ilhali wa Venice huelekea kulia. (Yamkini walioghushi waliponzwa na ufundi wao wenyewe, kwani picha ikichongwa ubaoni jinsi inavyoonekana, hugeuka inapopigwa karatasini.)

Mwuza kadi hayumo katika kundi la Florence. Hamdanganyi mtu kwamba bidhaa yake imetoka Venice. Hata hivyo, anaichukua alama iliyobuniwa ili neno liwe na mwenyewe, na kuibandika juu ya maneno yasiyo na mwenyewe. Hapo ndipo penye ila, nayo humhusu zaidi anayeituma kadi kuliko anayeiuza.

Uzito wa ila hii hudhihirika mahali ambapo ujumbe hubebwa na mhusika mwenyewe. Kabuchai, katika Kaunti ya Bungoma, ni mahali kama hapo. Miongoni mwa Wabukusu, mvulana anayejiandaa kutahiriwa, mwezi wa Agosti wa mwaka wa shufwa, huenda kwa miguu yake kuwaalika jamaa, akipiga njuga za chuma ziitwazo chinyimba. Kwa mjomba wake, khocha, huvishwa luliki, yaani kipande cha nyama ya kidari kinachoning'inizwa shingoni, naye hurejea nacho nyumbani watu wote wakikiona. Hapa alama haitengani na mtu. Akitetereka mbele ya kisu, hawezi kusema kwamba mwaliko ule ulikuwa maneno ya mwingine.

Lakini itakuwa ni kuiremba Kabuchai kudai kwamba kadi ni kitu kigeni huko. Kwa miaka mingi, muhula wa tatu ulipowadia, watahiniwa nchini Kenya walitumiwa kadi za kuwatakia ufanisi katika mtihani, nazo ziliuzwa katika masoko na miji ya sehemu hizo, kama Chwele na Kitale, kabla ya simu ya mkononi kuzipunguzia soko. Nyingi zilikuwa na waridi au machweo ya jua na mistari ya Kiingereza chenye vina. Mzazi asiyekisoma Kiingereza alinunua vilevile. Mhakiki mkali angesema kwamba mzazi huyo ametia sahihi asichokijua, kwa hiyo salamu yake haina dhamana. Uhakiki huo unatazama upande usiofaa wa kadi. Mzazi hakudhamini mashairi yale. Alidhamini jina lake, aliloliandika kwa kalamu chini yake, pengine pamoja na neno moja la Kibukusu, baada ya kuuza mahindi ili karo ilipwe. Mwandiko ambao upigaji chapa uliufuta vitabuni ulirudi katika nafasi ile finyu, na mtoto aliyeifungua bahasha bwenini aliutambua kabla hajasoma chochote kilichochapwa.